Njia ya Kwendea Pwani

Juma lililopita tulipokea barua ya msomaji mmoja wa kisiwa cha Idjwi, baba wa watoto sita. Asema kwamba mtu mmoja wa mjini, mwenye fedha, ataka kununua shamba lake lililo ukingoni mwa ziwa Kivu. Shamba lenyewe si kubwa: migomba, miparachichi michache, na ufuko ambapo wanawake wa mlimani hushuka kuteka maji, na wavuvi huteremsha sambaza asubuhi. Mnunuzi huyo atumaini kwamba amani itakaporudi Kivu, wageni watakuja kupumzika Idjwi kwa kuwa ni mahali pa utulivu, naye atawajengea nyumba za kulala. Bei aliyotaja ni kubwa kuliko zote ambazo baba huyo amepata kuzisikia. Naye atuuliza: “Ninyi mliotembea, mwaonaje? Nikubali?”

Kumjibu mtu wa namna hiyo si jambo jepesi. Hatumjui mnunuzi, wala hatukuona karatasi zake. Lakini twakijua kisiwa kingine ambacho nacho kilikuwa kimya, nasi tumekifikia mara mbili, mara ya kwanza mwaka 1991, mara ya pili mwaka 2024. Basi twaomba ruhusa kusimulia tuliyoyaona huko, naye msomaji wetu ayapime mwenyewe.

Kisiwa hicho ni Unguja, ambacho wengi hukiita Zanzibar. Kwetu sisi watu wa mashariki ya Kongo, Unguja si nchi ya kigeni kabisa. Lugha hii tunayoiandika ilitoka pwani, ikaja kwetu pamoja na misafara ya wafanyabiashara; wala hawakuja kwa biashara njema tu, kwani hao hao waliwachukua watu wetu utumwani. Nyumba ya Tippu Tip, aliyekuwa na nguvu kubwa Kasongo na kando za Lualaba, ingali imesimama mjini Unguja, naye alifia mjini humo mwaka 1905. Hata Mapadri Weupe wa kwanza, waliokwenda upande wa maziwa makuu mwaka 1878, walipitia Unguja na Bagamoyo kabla ya kushika njia ya bara.

Mwaka 1991 tulikuwa walimu wawili vijana, tusio na fedha nyingi. Tulivuka ziwa Tanganyika, tukapanda gari la moshi Kigoma, na baada ya siku mbili na zaidi tukashuka Dar es Salaam, vumbi hadi masikioni. Kutoka hapo tulivuka kwa meli. Mjini Unguja mtu mmoja alituambia habari za Jambiani, kijiji kilicho upande wa kusini-mashariki, tukapanda gari la shamba, yaani lori lililotiwa mabao ya kukalia na paa la mbao, tukabanana na magunia ya unga na madumu ya mafuta ya taa. Sehemu ya mwisho ya barabara ilikuwa mawe matupu. Kisha minazi ikaachana kidogo, na bahari ikawa mbele yetu.

Sisi watu wa maziwa hatuijui bahari. Ziwa hukaa mahali pake, bahari haikai. Mara mbili kwa siku maji hujaa mpaka kwenye mizizi ya minazi, na mara mbili hupwa. Zinapofika siku za bamvua, yaani mwezi uandamapo na uwapo mpevu, maji hukimbia mbali sana, nawe waona mchanga na vidimbwi vitupu zaidi ya kilometa moja, mpaka kwenye mwamba ambapo mawimbi hupasuka kama mstari mweupe. Hapo ndipo kijiji kizima hushuka. Wanawake walikwenda na vijiti na vikapu kutafuta pweza na chaza, watoto waliokota kome, na wavuvi waliketi karibu na ngalawa zao wakishona nyavu. Katika mchanga huo huo wanawake walikuwa wamezika makumbi, ndiyo maganda ya nazi, kila mmoja akiwa na shimo lake lililowekewa mawe. Makumbi hukaa chini ya maji ya chumvi miezi mingi mpaka yalainike. Kisha hufukuliwa, hupondwa, na nyuzi zake, zinazoitwa usumba, husokotwa ziwe kamba. Harufu yake, tuseme kweli, haisahauliki.

Tulipiga hodi katika nyumba moja ya mawe na chokaa, iliyoezekwa makuti, tukakaribishwa na mama mmoja kijana na mumewe mvuvi. Asubuhi tuliamka, tukamwona mama mkwe wake ameketi mlangoni akisokota kamba, tukamwamkia kama tufanyavyo kwetu: “Jambo!” Kikongwe akaacha kamba yake. “Jambo gani? Mmepatwa na jambo gani, wanangu?” Ndipo alipotufundisha kwamba mkubwa huamkiwa Shikamoo, naye huitikia Marahaba, na watu wa rika moja huulizana Hujambo. Tuliona haya. Lakini alicheka nasi siku zote tano tulizokaa, akatufungia kamba zake mbili tuchukue nyumbani.

Mkwe wake alikuwa na jambo jipya la kutuonyesha. Tangu mwaka 1989 wanawake wa Paje na Jambiani walikuwa wameanza kulima mwani, ndiyo majani ya baharini. Hupigilia vigingi mchangani wakati maji yamekupwa, hufunga kamba kutoka kigingi hadi kigingi, na juu ya kamba hizo hufunga vipande vya mwani kimoja kimoja. Baada ya majuma sita hivi huvuna, huanika, huwauzia wanunuzi. Mwani hupelekwa ng’ambo, na huko hutolewa ndani yake kitu cha utelezi kinachotiwa hata katika dawa ya meno. Mama huyo alikuwa amenunua sufuria mbili na kitambaa cha sare ya shule ya binti yake. Akasema mumewe akisikia: “Hizi hakunipa mtu. Nilizitoa baharini kwa mikono yangu.” Mumewe akatabasamu tu.

Wageni kutoka Ulaya siku zile walikuwepo, lakini wachache, nao walilala katika vijumba vya vyumba vinne au vitano, wakala walichopika wenyeji. Sisi tuliporudi Bukavu tulisifu sana. Kila aliyetaka kusikia tulimwambia: Jambiani ni mahali pa amani. Na hilo tulikumbuke, maana kila mgeni aliyetoka huko alisema maneno hayo hayo kwao.

Sasa, mambo yalibadilika kwa sababu gani? Zanzibar ilikuwa ikiishi kwa karafuu. Katika miaka ya 1980 bei ya karafuu ilianguka vibaya, na Serikali ikawa haina fedha za kigeni. Basi mwaka 1986 ilitunga sheria ya kuwaita wenye mitaji, na utalii ukawa tumaini jipya. Mwaka 1985 watalii waliofika visiwani hawakupata 20,000. Mwaka 2019 walizidi 538,000, na mwaka 2024 walipita 730,000, katika nchi ambayo hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilikuta watu 1,889,773. Tusiwe wepesi wa kulaumu. Serikali yenye shule na hospitali za kulisha, na zao lake moja limekosa bei, ingefanya nini?

Mwenzetu wa safari ya kwanza amekwisha kufariki dunia. Mwaka 2024 tulikwenda na mwanawe, kijana wa miaka ishirini na minne, aliyetaka kuona mahali ambapo baba yake alipasimulia mara nyingi. Kutoka uwanja wa ndege njia ni ya lami mpaka kijijini. Motokari ilisimama, dereva akasema, “Jambiani hii.” Tulitazama huku na huku. Kutoka barabarani hatukuiona bahari. Tuliona ukuta, kisha ukuta mwingine, na juu ya malango majina ya lugha za kigeni.

Tulipopata mahali pa kupenya mpaka mchangani, kijana mmoja alitujia mbio: “Jambo! Jambo! Hakuna matata!” Mwana wa mwenzetu akamwitikia bila kufikiri, “Jambo, ndugu, habari?” Yule kijana akasimama, akatutazama sana. Kumbe maneno aliyojifunza kwa ajili ya Wazungu tu ndiyo salamu yetu ya kila siku kule Kivu! Tulimweleza, tukacheka wote. Kisha akajaribu kutuuzia safari ya mashua. Vijana wa kazi hiyo huko huitwa papasi, ambalo ni jina la mdudu anyonyaye damu. Lakini huyu alikuwa mpole, na alipojua nani tunamtafuta, alitupeleka mwenyewe, wala hakupokea kitu.

Mama yule sasa ni bibi. Alikuwa ameketi mlangoni, mahali pale pale alipoketi mama mkwe wake, lakini hakusokota kamba. Hakututambua. Tulipotaja mwaka na mumewe na zile sufuria mbili, alishika kinywa. Kijana wetu akainama: “Shikamoo bibi.” “Marahaba mjukuu wangu. Wewe ndiye mtoto wa yule mrefu? Baba yako alikuwa akiogopa kaa.” Habari hiyo kijana hakuipata kwa baba yake.

Mumewe naye amekufa. Katika habari ya kifo chake tuliipata habari ya ukuta, maana mambo hayo mawili yamefungamana. Msomaji wetu wa Idjwi asome hapa polepole.

Zanzibar, tangu baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, ardhi yote ni mali ya Serikali. Lakini kwa desturi ya watu, mti ni wa aliyeupanda. Mwenye mtaji huikodi ardhi kwa Serikali kwa miaka mingi, na wenyeji huwalipa fidia ya miti yao. Mumewe alikuwa na minazi 22 karibu na maji. Mwaka ule alikuwa mgonjwa, na waganga walisema apelekwe Dar es Salaam. Mtu akaja, akaihesabu minazi, akaipaka chokaa na namba mmoja mmoja, akalipa taslimu. Fedha hizo zilimpeleka mgonjwa hospitali, zikaezeka nyumba mabati, zikamlipia mwanawe karo. Mgonjwa hakupona. Tulimwuliza kwa upole kama ajuta. Akatutazama kama watu wasiojua kuuliza.

“Kaka zangu, mume wangu alikuwa akilala hapo, haoni usiku wala mchana. Ningesema minazi ni mizuri, tuiache? Ningeuza tena. Lakini walihesabu minazi. Njia hawakuihesabu.”

Ndivyo ilivyokuwa. Kati ya minazi ile kulikuwa na njia nyembamba ya kushukia pwani, ambayo nusu ya mtaa waliipita tangu zamani za babu zao. Karatasi ilitaja miti, mmoja hadi wa ishirini na mbili. Njia si mti, haikupandwa na mtu, haina namba, wala hapakuwa na mwenyewe wa kulipwa. Hoteli ilipojengwa na ukuta ukasimama, njia ikawa ndani. Kwa miaka michache mlinzi aliwaacha wanawake wapite asubuhi. Kisha akaja meneja mpya, akasema wageni wasumbuliwa na watu wenye magunia yanayotiririka maji. Na mashimo ya makumbi yaliyokuwa mbele ya hoteli, wanawake waliombwa wayaache kwa sababu ya ile harufu. Waliyaacha. Ndiyo maana yule mama hakuwa na kamba mikononi.

Leo, ili afike kwenye mwani wake, huzunguka hoteli tatu mpaka penye pengo. Ni mwendo wa dakika ishirini. Msomaji atasema, dakika ishirini ni nini? Sisi nasi tulidhani hivyo, hata tulipokwenda naye alfajiri. Maji ya bamvua hayamngoji mtu. Yakishakupwa kuna saa chache tu za kufunga na kuvuna, na wakati wa kurudi gunia la mwani mbichi ni zito kuliko la mihogo, tena lamwaga maji ya chumvi machoni. Dakika ishirini za kwenda na arobaini za kurudi na mzigo ni kamba kadhaa zisizofungwa. Mwani wenyewe umepungua thamani. Ile aina nene yenye bei nzuri yafa kwa kuwa maji ya bahari yamezidi joto, imebaki aina nyembamba, ambayo kwa miaka mingi kilo moja kavu haikupita shilingi mia chache. Na mahali pa vigingi wageni hupita kwa kasi juu ya mbao, wakivutwa na tiara kubwa za kitambaa, wazuri kuwatazama kwa mbali. Mara nyingine hukata kamba. Mmoja, asema, alishuka akaomba radhi, akamsaidia kufunga upya asubuhi nzima. Alifunga vibaya, lakini alifunga.

Mjukuu wake ni msaidizi wa mpishi katika hoteli hiyo hiyo. Ni mmoja wa wachache wa kijiji, maana kazi nyingi zimechukuliwa na watu wa Tanganyika na Kenya waliosoma mambo ya hoteli, na wazee wengine wa Jambiani, kwa imani yao, hawakutaka watoto wao wahudumu penye pombe. Mshahara wa kijana huyo hununua unga wa nyumba nzima. Kila asubuhi yeye hupita langoni kwa kuwa amevaa sare. Bibi yake huzunguka. Tulimwona kijana huyo jioni, mwenye adabu sana. Tulipogusa habari ya lango, aliinamisha uso akanyamaza, nasi tukaongea habari za mpira.

Hatutaki kuficha mema. Zahanati ina dawa kuliko zamani. Huko Paje, kijiji jirani, wanawake hutengeneza sabuni ya mwani wakawauzia watalii kwa bei ambayo mwani mkavu hautaipata kamwe. Jambiani wenyewe wanawake wachache, wengine wajane, hufuga sponji za kuogea baharini, nao wamejenga nyumba zao. Lakini pweza, aliyekuwa kitoweo cha maskini, sasa huenda hotelini. Na maji ya kunywa! Mwaka 2012 uchunguzi uliofanywa Nungwi, Kiwengwa na Jambiani ulikuta kwamba chumba kimoja cha hoteli chatumia maji mara 16 kuliko nyumba nzima ya mwenyeji. Wanafunzi wetu wanaopenda hesabu wafikirie hoteli yenye vyumba hamsini.

Kuna mwaka mmoja ambao mama yule husimulia macho yakimng’aa, nao ni mwaka ambao dunia yote ililia. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, ndege zilikoma, na wageni wa mwaka ule hawakufika nusu ya wale wa mwaka uliotangulia. Hoteli ilifungwa. Mpishi na msaidizi wake walirudi makwao bila mshahara, mlinzi naye akaondoka, na lango likabaki wazi likipigwa na upepo. Wanawake walingoja siku tatu, hakuna aliyewazuia, wakaingia. Walipita kati ya vitanda vya jua na dimbwi la kuogelea lililogeuka kijani, mpaka pwani, kwa njia yao ile ile. Mjukuu alikwenda na bibi yake kufunga mwani, na nyumba ilikula mwani na pweza mwaka ule. “Tulikuwa na njaa, kaka,” akasema, “nisikudanganye. Lakini tulipita.”

Wageni waliporudi, mlinzi akarudi, lango likafungwa. Wanawake walikwenda kwa sheha, ndiye mkuu wa shehia yao, mara mbili. Aliwasikiliza vizuri. Akasema hoteli ina karatasi. Wao wana nini?

Basi tulimwandikia msomaji wetu wa Idjwi. Hatukumwambia auze wala asiuze, kwa sababu hatujui kama nyumbani mwake kuna mgonjwa. Tulimkumbusha kwamba kwetu pia, tangu sheria ya mwaka 1973, ardhi ni mali ya Serikali, na kinachohamishwa ni haki iliyoandikwa. Kisichoandikwa hakina wa kukisemea. Tukamwomba, kabla ya kusema bei, atembee na mnunuzi huyo shambani asubuhi, wakati wanawake wanaposhuka na madumu na wavuvi wanaporudi na taa zao, wahesabu pamoja watu wanaopita. Kisha aulize kama njia hiyo itaandikwa katika karatasi, upana wake na mahali ianziapo na ikomeapo, mbele ya Mwami na majirani.

Jibu lake limefika tulipokuwa tukimaliza ukurasa huu. Asema walitembea, wakahesabu watu 61 kabla ya jua kupanda. Mnunuzi hakukasirika. Alisema njia atawaachia, wasiwe na wasiwasi, ila kuandika si lazima, kwani wote ni ndugu. Mke wa msomaji wetu, aliyekuwa kimya siku zote, ndiye aliyesema kwamba basi na fedha zisiandikwe. Ukoo wote utakutana Jumapili baada ya Misa.